Sauti ya Mama, Sura ya Binti

Ninyi mliokuwa watu wazima katika mwaka 1991 mliusikia wimbo huu, hata kama hamkujua jina lake. Ulipigwa katika mabaa, katika harusi, katika maduka ya soko. Vijana wa mtaa wetu hapa Lubumbashi waliuimba mchana kutwa, nao hawakufahamu neno moja la Kiingereza. Unaanza kwa sauti ya mwanamke anayewaamuru watu wote waingie katika dansi. Sauti yenyewe si ya kubembeleza. Ni kama sauti ya mama anayewaita watoto toka ng'ambo ya mto. Wimbo unaitwa "Gonna Make You Sweat", na walioutoa waliitwa C+C Music Factory, watu wa mji wa New York.

Sisi wakati ule tulikuwa tukifundisha korali ya parokia. Tulikuwa na desturi ya kutega sikio penye kila sauti nzuri, iwe ya kanisani au ya baa, wala Padri wetu hakuipenda sana desturi hiyo. Siku moja, katika televisheni ya jirani, tukaona sanamu za wimbo ule. Alisimama binti mrembo, mwembamba kama mwanzi, akafungua kinywa, na ile sauti kubwa ikatoka. Tukamwambia jirani: "Tazama, kifua kidogo hivi, na sauti kubwa hivi!" Tukastaajabu, tukanywa chai yetu, tukaenda nyumbani. Mtu aliyefundisha wengine kuimba kwa miaka mingi alipaswa kujua.

Sasa, hivi karibuni mtoto wa dada yetu, kijana wa chuo kikuu, alikuja kututembelea. Umeme ulikuwa umekatika, basi tuliketi uani, naye akatuonyesha wimbo ule ule katika simu yake. Akasema: "Mjomba, huyu binti hakuimba. Aliyeimba ni mama mmoja, anaitwa Martha Wash. Walimficha kwa sababu ni mnene."

Tukanyamaza. Kijana alifikiri hatukusikia, akarudia maneno yake. Kumbe tulikuwa tumesikia vizuri. Tulinyamaza kwa sababu ya kaseti moja iliyomo katika sanduku letu, nayo tutaieleza mbele. Kwanza sikilizeni habari za Martha Wash na mwenzake, maana mwanzoni walikuwa wawili.

Martha alizaliwa katika mji wa San Francisco, kwenye pwani ya magharibi ya Marekani, tarehe 28 Desemba 1953. Tangu utoto aliimba kanisani nyimbo za Injili, kwa namna ya Wamarekani Weusi. Wasomaji wanaojua korali watafahamu maana yake. Katika makanisa yale mwimbaji hufundishwa kutoa pumzi toka tumboni na kuipitisha sauti juu ya kinanda, juu ya ngoma, juu ya makofi ya watu wote. Asiyeweza hivyo huketi pamoja na waitikiaji. Martha aliweza. Katika kundi moja la nyimbo za Injili, lililoitwa News of the World, maana yake Habari za Ulimwengu, alikutana na Izora Rhodes, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Izora Armstead. Izora alizaliwa mwaka 1942, basi kwa Martha alikuwa kama dada mkubwa. Sauti ya Martha ilipanda juu, safi kama kengele. Ya Izora ilikuwa nzito, yenye ukali kidogo, ikishika chini kama nguzo ya nyumba. Mwalimu wa korali akipata sauti mbili kama hizo katika parokia moja, hulala usingizi mzuri.

Mwaka 1976 mwimbaji mmoja wa mji ule, Sylvester, alikuwa akitafuta waitikiaji. Huyu Sylvester alikuwa mwanamume aliyeimba kwa sauti ya juu kama ya mwanamke, naye pia alilelewa katika kanisa la Kipentekoste, kule Los Angeles. Alivaa alivyotaka, aliishi alivyotaka, na watu wengi walimnung'unikia. Martha akaenda kujaribiwa. Husimuliwa kwamba wasichana wawili wembamba walikuwapo wakingoja. Sylvester alipomsikia Martha akawaaga wale, kisha akamwuliza kama anaye rafiki mnene kama yeye na mwenye kuimba kama yeye. Martha akamleta Izora. Angalieni sana jambo hili, maana mbele litageuka. Mtu wa kwanza kuwaajiri aliutaka unene wao pamoja na sauti zao, akawaweka jukwaani mbele ya macho ya watu wote.

Wakaitwa Two Tons O' Fun, yaani Tani Mbili za Furaha. Kwetu Kongo mama mnene ni mama wa heshima. Watu husema nyumbani kwake hawalali njaa. Kule jina hilo lilikuwa mzaha. Lakini wenyewe waliupokea mzaha kwa mikono miwili, wakaufanya kazi yao. Mwaka 1978 waliitikia katika nyimbo mbili za Sylvester zilizovuma sana, "You Make Me Feel (Mighty Real)" na "Dance (Disco Heat)". Tarehe 11 Machi 1979 waliimba pamoja naye katika jumba kubwa la opera la San Francisco. Mwaka 1980 wakatoa sahani yao wenyewe, kwa kampuni ya Fantasy.

Kisha ukaja wimbo wa mvua. Paul Jabara na Paul Shaffer waliutunga mwaka 1979, wakautembeza kwa waimbaji wakubwa kama mchuuzi anayetembeza samaki jua likizama. Donna Summer aliukataa. Alikuwa amerudi kwa imani, na maneno ya wimbo yalimchukiza. Diana Ross akakataa, Cher akakataa, Barbra Streisand akakataa. Jina lake ni "It's Raining Men", yaani Inanyesha Wanaume. Wanawake wanafurahi kwa kuwa wanaume wanashuka toka mawinguni kama mvua ya masika. Hapa msomaji mmoja au wawili watakunja uso. Hata Martha na Izora, watoto wa kanisa, walifikiri kwanza kwamba mtungaji anawatania. Walakini wakauimba, na waliuimba kama walivyozoea kuimba kanisani, kwa pumzi yote, bila aibu, hata msikilizaji anacheka na papo hapo nywele zinamsimama. Ulitoka mwaka 1982. Ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za dansi za Marekani, na mwaka 1984 ukafika nafasi ya pili katika Uingereza. Tangu hapo wakaitwa The Weather Girls, Wasichana wa Hali ya Hewa.

Wimbo kama ule ni baraka, tena ni mzigo. Kwa jina hilo walitoa sahani tatu, mwaka 1983, 1985 na 1988, wala hakuna wimbo mwingine wao uliofika pale. Wakaachana. Sylvester alikufa tarehe 16 Desemba 1988 kwa ugonjwa wa sida. Izora alikwenda kukaa Ujerumani, akalianzisha upya kundi pamoja na binti yake Dynelle Rhodes. Basi Izora alibaki na jina la kundi, naye Martha alibaki na sauti yake tu.

Wakati huo muziki wenyewe ulikuwa umebadilika. Dansi ya miaka ya 1970, iliyoitwa disko, ilipigwa na watu wengi: violini, tarumbeta, ngoma, waitikiaji. Ilikuwa na adui. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park, mji wa Chicago, watu walikusanya sahani za disko sandukuni, wakazilipua kwa baruti kati ya michezo miwili ya besiboli. Kampuni za muziki zikaogopa, feza zikakauka. Lakini katika mji huo huo wa Chicago kulikuwa na nyumba ya dansi iliyoitwa Warehouse, maana yake bohari, na mpigaji wa sahani pale tangu mwaka 1977 alikuwa Frankie Knuckles. Alizichukua sahani zile zile zilizochukiwa, akazikata, akazirefusha, hata baadaye akatia chini yake ngoma ya mashini. Toka jina la nyumba ile muziki huo ukaitwa hausi.

Mashini zenyewe zilitoka Japani, kwa kampuni ya Roland. Zilipiga mapigo sawasawa, kama 120 kwa dakika, wala hazikuchoka, wala hazikuomba mshahara. Kijana mwenye mashini mbili tatu chumbani aliweza kutengeneza wimbo bila kumwajiri mpiga violini hata mmoja. Kitu kimoja tu kilimshinda: mashini haipumui. Nyimbo nyingi za hausi zisizo na sauti ya mtu ni kama nyumba iliyojengwa vizuri ambamo hakuna anayekaa. Basi watengenezaji wale wakaenda kutafuta pumzi, wakaitafuta mahali ilipokuwa siku zote, kwa wanawake waliokulia katika korali za Injili.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kukata kipande cha sauti toka sahani ya zamani. Ndivyo walivyofanya Waitalia watatu walioitwa Black Box. Mwaka 1989 walitoa wimbo "Ride on Time", uliokaa majuma sita katika nafasi ya kwanza huko Uingereza. Sauti iliyowapandisha ilikuwa ya Loleatta Holloway wa Chicago, mwanamke aliyeimba zamani katika kundi la Injili la Caravans. Waliikata toka wimbo wake "Love Sensation" wa mwaka 1980. Lakini katika televisheni alionekana binti wa kuonyesha mavazi, Katrin Quinol, akichezesha midomo. Loleatta alikuwa kwao Marekani. Hakuulizwa. Ilibidi maavoka wapige kelele ndipo malipo yapatikane.

Njia ya pili ilikuwa kumwita mwimbaji studioni, kumlipa mara moja kama fundi aliyejenga ukuta, kisha kumwambia kwaheri. Mara nyingine kazi hiyo ni wimbo wa kielelezo: mwimbaji hodari anauimba kwanza, ili mwingine aliyechaguliwa ajifunze kwake. Hakuna ubaya katika hilo. Hata katika korali yetu tulifanya hivyo kila juma. Ubaya unaanza pale kielelezo chenyewe kinapopelekwa sokoni, na sura ya mwingine imebandikwa juu yake.

Martha aliishi kwa kazi hii alipoachana na Izora. Robert Clivillés na David Cole, watengenezaji wa New York, walikuwa wameunda kundi la wasichana watatu lililoitwa Seduction. Katika wimbo wao wa mwaka 1989, "(You're My One and Only) True Love", sauti inayoongoza ni ya Martha, lakini jina lake halikuandikwa. Wale Waitalia wa Black Box nao wakamwita. Aliwaimbia nyimbo kadhaa za sahani yao Dreamland ya mwaka 1990. Mmoja, "Everybody Everybody", ukafika nafasi ya nane katika Marekani. Mwingine, "Strike It Up", ukafika nafasi ya nane vilevile mwaka uliofuata. Katika sanamu alionekana tena yule yule Katrin. Kisha Clivillés na Cole, sasa kwa jina la C+C Music Factory, wakaitumia sauti yake katika wimbo ule tuliousikia sote, na mbele ya kamera wakamsimamisha Zelma Davis.

Tuseme kweli juu ya Zelma. Alizaliwa Liberia, ni binti wa Afrika, tena ni mwimbaji. Sauti yake mwenyewe imo katika nyimbo nyingine za sahani ile ile. Wengine walipanga, yeye akasimama walipomweka. Tunamtaja hivi kwa sababu katika habari za namna hii watu hupenda kumpiga mawe yule anayeonekana, lakini wale walioketi mezani wakipanga mambo hawaonekani kamwe.

Hesabuni sasa. Kwa muda wa miaka miwili, sauti ya mwanamke mmoja ilisikika katika redio za ulimwengu kwa majina ya makundi matatu, wala hakuna msikilizaji aliyeambiwa ni nani. Sababu haikuwa siri. Martha mwenyewe alieleza baadaye mara nyingi kwamba umbo lake halikuwa lile ambalo kampuni zilitaka kuliuza. Zamani mtu alinunua sahani, akaiweka juu ya mashini, akasikiliza. Lakini tangu mwaka 1981, kituo cha televisheni cha MTV kilipofunguliwa Marekani, watu walizoea kuutazama wimbo. Unene ule ule ambao Sylvester aliutaka jukwaani mwaka 1976 ulikuwa sasa kitu cha kufunikwa.

Martha hakukaa kimya. Katika mwezi wa Desemba 1990 aliwashtaki watu wa C+C Music Factory huko Los Angeles, akidai kwamba wanunuzi wamedanganywa na sauti yake imechukuliwa. Wakati ulimsaidia. Mwezi mmoja kabla, Novemba 1990, ulimwengu ulikuwa umegundua kwamba vijana wawili wa Milli Vanilli hawakuimba hata wimbo mmoja wa sahani yao, wakanyang'anywa zawadi yao ya Grammy. Watu walikuwa wameanza kuangalia midomo ya waimbaji kwa mashaka. Hata hivyo, mashtaka yakiwa barazani, wimbo ulizidi kupanda, mpaka Februari 1991 ukashika nafasi ya kwanza katika Marekani. Baraza lina mwendo wake, na dansi ina mwendo wake.

Kampuni ya RCA, iliyokuwa ikiuza nyimbo za Black Box katika Marekani, ilipatana naye, ikampa mkataba wa kuimba kwa jina lake mwenyewe. Wimbo wake "Carry On" ukafika nafasi ya kwanza katika orodha ya dansi, na mwaka 1993 ikatoka sahani nzima yenye jina Martha Wash. Alikuwa na umri karibu wa miaka 40. Shauri la C+C Music Factory lilimalizika mwaka 1994 kwa mapatano. Kampuni ya Sony iliomba MTV iongeze maandishi katika sanamu za wimbo ule, kwamba sauti ni ya Martha Wash, na kuonekana ni kwa Zelma Davis. Tumelifikiri sana neno hilo. Mtu ameandikwa mbele ya ulimwengu kwamba kazi yake katika wimbo ni kuonekana. Labda na Zelma pia alistahili kupata avoka.

Mwaka huo huo 1994 Martha alirudi kuimba pamoja na C+C Music Factory, wimbo "Do You Wanna Get Funky", safari hii kwa jina lake. Kijana wetu hakufahamu jambo hili hata kidogo. Akasema: "Mimi nisingewasalimu tena." Sisi tunaona Martha alifanya vizuri. Deni likilipwa, limelipwa. David Cole alikufa muda mfupi baadaye, Januari 1995. Na miaka miwili iliyofuata Martha aliimba tena na mwanamke mwenzake mwenye kifua kikubwa, Jocelyn Brown, katika nyimbo mbili za Todd Terry, mtengenezaji wa hausi wa New York, "Keep On Jumpin'" mwaka 1996 na "Something Goin' On" mwaka 1997. Zote mbili ziliingia katika nyimbo kumi za kwanza za Uingereza. Mtu akizisikiliza hizo atasikia tena jinsi sauti mbili za kanisani zinavyopokezana, kama siku za Tani Mbili.

Izora alikufa mwezi wa Septemba 2004, mwenye umri wa miaka 62. Binti yake aliendelea na jina la kundi.

Sasa kaseti. Mwaka 1995 korali yetu ilirekodi nyimbo kumi za Misa na za sikukuu. Katika nyimbo saba sauti inayoanzisha na kuongoza ni ya mama mmoja muuza unga wa sokoni. Jina lake hatuliandiki hapa. Amekataa mwenyewe, na sababu mtaiona. Alikuwa mnene, alikuwa na umri wa miaka hamsini, jino moja la mbele halikuwapo, na kitenge chake cha Jumapili kilikuwa kile kile cha siku Papa alipokuja Lubumbashi mwaka 1985. Lakini alipoanzisha "Bwana utuhurumie", hata watoto waliokuwa wakicheza nje ya kanisa walinyamaza.

Siku ya picha tulifanya kikao kifupi, sisi na wazee wawili wa korali. Tukasema: kaseti lazima inunuliwe, na watu hununua kwa macho. Tukachagua wasichana watatu wembamba, tukawashonea vitenge vipya, tukawasimamisha mbele ya pango la Bikira Maria. Mama tukamwomba awashikie wasichana vitabu vyao, visionekane katika picha. Akavishika. Alisimama nyuma ya mpiga picha, akawa akiwaambia wasichana wanyooshe shingo na wasicheke ovyo. Picha ilipotoka ilikuwa nzuri sana. Chini yake tuliandika jina la korali, jina la parokia na jina letu sisi mwalimu. Kwa jina la mwanzishaji wa nyimbo nafasi haikutosha. Ndivyo tulivyojiambia, na karatasi kweli ilikuwa ndogo. Mama hakununa, wala hakuuliza. Alinunua kaseti moja kwa feza yake, kama watu wengine.

Asubuhi baada ya usiku ule wa simu tuliitoa kaseti sandukuni, tukaenda kwake. Ni mzee sasa, miguu imevimba, lakini bado anauza unga kwa vikombe mbele ya mlango wake. Tukaketi juu ya kigoda, tukamweleza habari yote: Sylvester, Izora, yule Katrin wa midomo, yule binti wa Liberia, baraza la Los Angeles. Alisikiliza huku akiwapimia wanunuzi. Aliuliza tani moja ni magunia mangapi. Tulipomwambia ni magunia kumi ya kilo mia, alicheka mpaka akashika ubavu, akasema yeye na jirani yake siku zile wangefika tani tatu.

Kisha tukasema neno lililotuleta. Tukamwambia kwamba tulimkosea, kwamba tunaomba radhi, na kwamba tunataka kuliandika jina lake katika gazeti hili, wasomaji wote wajue ni nani aliyeimba.

Akaweka kikombe chini. "Mwalimu," akasema, "jina langu wanalijua sokoni. Kaseti ziliuzwa ngapi?"

Tukajibu kwamba ni mia tatu na kidogo.

"Na feza?"

Tukamweleza kwamba zilinunua kinanda cha korali na vile vitenge vya wasichana.

"Kinanda kile kilichoibwa?"

Ndicho, tukasema.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza bei ya kaseti moja siku zile. Tukamtajia kwa zaire mpya, feza ya wakati ule. Alikumbuka bei ya unga ya mwaka ule vizuri kuliko sisi tunavyokumbuka sikukuu za watakatifu. Akaigeuza hesabu yote katika vikombe, na vikombe katika magunia, kwa kichwa, bila karatasi wala kalamu. Magunia yakawa mengi hata tukaanza kutazama chini.

"Sitaki yote," akasema. "Wengine waliitikia. Nipeni magunia mawili. Na jina langu msiliandike. Mkiliandika, wajukuu wote watasikia, watakuja kula."

Gunia la kwanza tulilipeleka Jumamosi iliyopita, juu ya baiskeli ya yule kijana wa simu. La pili bado tunalitafutia feza, maana bei ya mahindi imepanda.